Vipimo vya hiari vya akili bandia: Kongo isingoje kupimiwa na wengine

Programu za akili bandia zinazojibu maswali, kuandika barua na kuiga sauti za watu zimekwisha kuingia ndani ya simu za wakaaji wa Goma, Bukavu, Lubumbashi na Kisangani. Hazikupita kwenye kipimo chochote cha nchini kabla ya kufika. Hata kule zinakotengenezwa, kupimwa kwake kunategemea kwa sehemu kubwa utashi wa kampuni inayozitoa. Kampuni ikikubali, wataalamu wa serikali wanazichunguza. Ikikataa, mara nyingi hakuna sheria ya kuilazimisha.

Utaratibu huo unaitwa viwango vya hiari, na ndio ambao Marekani na Uingereza zimeuchagua. Wanaoutetea wanasema teknolojia hii inakwenda mbio kuliko bunge lolote, kwa hiyo afadhali makubaliano ya haraka kuliko sheria inayochelewa. Wanaoupinga wanasema ni kumpelekea ngedere kesi ya nyani. Kila upande una sehemu ya ukweli. Lakini kwa Mkongomani swali zito ni lingine: katika mitihani hiyo ya hiari, nani anaandika maswali, na anayaandika kwa lugha gani?

Hiari inavyofanya kazi

Huko Marekani, kazi hii iko mikononi mwa NIST, taasisi ya viwango iliyo chini ya wizara ya biashara. Mwezi Januari 2023 taasisi hiyo ilitoa mwongozo wa kudhibiti hatari za akili bandia. Mwongozo unaitaka kampuni kufanya mambo manne: kuweka uongozi unaowajibika, kutambua hatari, kuzipima na kuzishughulikia. Hauna faini wala hakimu. Anayeufuata anaufuata kwa kupenda.

Mwezi Julai mwaka huo huo, kampuni saba, zikiwemo Google, Meta, Microsoft na OpenAI, zilitoa ahadi mbele ya Ikulu ya Marekani kwamba zitajaribu mifumo yao kabla ya kuitoa kwa umma. Tarehe 30 Oktoba 2023 Rais Joe Biden alisaini amri iliyowataka watengenezaji wa mifumo mikubwa kabisa kuieleza serikali matokeo ya majaribio yao. Hapo hiari ilianza kuwa wajibu, lakini haikudumu. Donald Trump aliifuta amri hiyo tarehe 20 Januari 2025, siku ile ile aliyorudi madarakani. Mwezi Juni 2025 taasisi ya usalama wa akili bandia iliyoundwa ndani ya NIST ikabadilishwa jina na kuwa CAISI, yaani kituo cha viwango na ubunifu wa akili bandia. Neno « usalama » likaondoka kwenye kibao. Mkataba kati yake na kampuni unabaki wa hiari.

Uingereza ilipita njia inayofanana. Mwezi Novemba 2023 ilikaribisha mkutano wa Bletchley Park, ambako nchi 28 pamoja na Umoja wa Ulaya zilikubaliana kwamba mifumo yenye nguvu zaidi inaweza kuleta madhara makubwa. Kutoka Afrika walikuwepo Kenya, Nigeria na Rwanda. Mwezi Mei 2024, huko Seoul, kampuni 16 ziliahidi kutangaza namna zinavyopima hatari kubwa na mahali ambapo zingesimamisha kazi. Nazo zilikuwa ahadi, si sheria.

Matunda yapo, mipaka pia ipo

Si haki kusema vipimo hivyo ni bure. Mwezi Septemba 2025 kampuni ya OpenAI ilieleza kwamba wataalamu wa CAISI waligundua kasoro mbili za kiusalama katika ChatGPT Agent, programu ambayo inaweza kumfanyia mtu kazi kwenye kompyuta. Kasoro hizo, zikiunganishwa na mbinu nyingine, zingempa mhalifu nafasi ya kuzitawala kutoka mbali kompyuta ambazo programu hiyo iliweza kuzifikia. Kampuni ikazirekebisha ndani ya siku moja ya kazi. Hakuna polisi aliyetumwa na hakuna kesi iliyofunguliwa. Mtu wa nje alifungua mlango, akaona ufa, akasema, na ufa ukazibwa. Hiyo ndiyo faida ya hiari pale mwenye mali anapokuwa na nia.

Tatizo linaanza pale nia inapogongana na biashara. Mwezi Machi 2025 Google ilitoa Gemini 2.5 Pro, na watu wakaanza kuitumia. Ripoti ya usalama wake ilifuata wiki kadhaa baadaye. Kampuni ilijitetea kwamba toleo lile lilikuwa la majaribio. Lakini mtumiaji aliyekuwa nalo mkononi hakuwa kwenye maabara. Mwezi Julai 2025 Umoja wa Ulaya ulipotoa kanuni za mwenendo kwa watengenezaji wa mifumo mikubwa, Meta ilikataa kuzisaini, na ilikuwa na haki hiyo, maana kusaini kulikuwa kwa hiari. Tofauti ni kwamba nyuma ya kanuni hizo za Ulaya ipo sheria, iliyoanza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024. Aliyekataa kusaini bado anaikuta sheria mlangoni.

Kuna mpaka mwingine usiozungumzwa sana. Mwenye kipimo ndiye anayeamua kinachopimwa. Mwezi Februari 2025 Uingereza iliibadilisha taasisi yake kutoka taasisi ya « usalama wa akili bandia » na kuifanya taasisi ya ulinzi dhidi ya maadui na wahalifu. Waziri aliyehusika alisema wazi kwamba haitashughulikia upendeleo wa mifumo hiyo wala uhuru wa kusema. Silaha za kemikali, silaha za kibiolojia na mashambulizi ya kimtandao vilipewa nafasi ya kwanza. Ni hatari za kweli. Lakini mfumo unaomdharau mtu kwa sababu ya kabila lake, au unaomjibu vibaya kwa sababu ya lugha yake, hapo ulishushwa chini ya orodha kwa uamuzi wa ofisi moja tu mjini London.

Siasa za mataifa pia zinaingia. Tarehe 30 Septemba 2025 CAISI ilitangaza matokeo ya kuichunguza DeepSeek, kampuni ya Uchina, na kusema mifumo yake inadanganyika kirahisi zaidi kuliko ile ya Kimarekani iliyolinganishwa nayo. Matokeo hayo yanaweza kuwa sahihi kabisa. Hata hivyo, mpimaji ni serikali ya nchi ambayo kampuni zake zinashindana na mpimwaji. Msomaji wa Kinshasa anayetaka kuchagua kati ya mifumo hiyo miwili hana mizani ya nchini ya kulinganisha.

Lugha ni mlango wa nyuma

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walichukua maswali mabaya ambayo mfumo wa GPT-4 ulikuwa umefundishwa kuyakataa, kama vile namna ya kufanya uhalifu. Wakayatafsiri katika lugha zenye maandishi machache kwenye intaneti, Kizulu kikiwa kimojawapo, kisha wakayauliza tena. Kwa Kiingereza ulinzi wa mfumo ulishindwa mara chache mno, chini ya asilimia 1. Walipotumia lugha hizo ndogo kwa pamoja, ulishindwa kwa asilimia 79. Mfumo ule ule, swali lile lile. Kilichobadilika ni lugha.

Maana yake ni nyepesi kuielewa. Mtu anaweza kujenga nyumba, akaweka kufuli kwenye mlango wa mbele unaoangalia Washington na London, akauacha wazi mlango unaoangalia Kindu na Uvira. Cheti kitasema nyumba ina kufuli. Hakitakuwa kimesema uongo.

Hapa kuna habari njema kidogo. Mwezi Novemba 2024, mjini San Francisco, ulizinduliwa mtandao wa kimataifa wa taasisi za usalama wa akili bandia. Kati ya wanachama wake wa mwanzo, Afrika iliwakilishwa na nchi moja tu, Kenya. Mwaka 2025 mtandao huo ulifanya majaribio ya pamoja katika lugha kumi, na Kiswahili kilikuwa kimojawapo, pamoja na Kifaransa. Kiswahili hakikuingia kwa bahati. Kiliingia kwa sababu kulikuwa na nchi ya Kiswahili mezani.

Lakini Kiswahili cha Nairobi si kile cha Bukavu wala cha Lubumbashi. Mama wa Kivu anayeuliza simu yake, « Mutoto iko na homa, nimupatie dawa ngapi ? », haandiki Kiswahili cha kitabu. Anachanganya na Kifaransa, anaandika anavyosema. Mfumo uliopimwa kwa Kiswahili sanifu unaweza kumwelewa vizuri, unaweza kumwelewa nusu, na unaweza kumpa kipimo cha dawa kisichofaa kwa sauti ya uhakika kabisa. Ndiyo maana swali lake linatakiwa kuwa ndani ya mtihani. Na Kiswahili kina bahati kuliko wenzake. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba. Katika zile lugha kumi za majaribio, tatu kati ya hizo nne hazikuwepo kabisa.

Upande wa pili ni vita. Mashariki mwa Kongo, ujumbe wa sauti unaopita kwa WhatsApp unaweza kuhamisha kijiji kizima usiku. Programu zinazoweza kuiga sauti ya kiongozi au kuandika maneno ya chuki dhidi ya kabila fulani zinatakiwa kujua kukataa kwa lugha ambayo maneno hayo yanaandikwa. Mpimaji wa London hajui ni neno gani la mtaani linalomaanisha « adui » huko Masisi au Ituri. Wanaolijua ni wenyeji.

Fundisho la madini

Kongo si mgeni wa viwango vya hiari. Nchi hii imeishi navyo kwa zaidi ya miaka ishirini kupitia madini yake, yale yale yanayoingia katika simu na kompyuta.

Mwaka 2011 shirika la OECD la nchi tajiri lilitoa mwongozo wa kufuatilia asili ya madini yanayotoka sehemu za vita. Kwa OECD ulikuwa ushauri tu. Mambo mawili yaliupa meno. La kwanza, sheria ya Marekani ya Dodd-Frank, iliyosainiwa Julai 2010, ilizitaka kampuni zinazouza hisa kwenye masoko ya Marekani kueleza kama koltani, bati, wolframu na dhahabu zinavyotumia vinatoka Kongo au nchi jirani. La pili, Kinshasa yenyewe, mwezi Septemba 2011, iliamuru kwamba mwongozo wa OECD ni lazima kwa kila anayefanya biashara ya madini nchini. Mwezi Mei 2012 serikali ikasimamisha nyumba mbili za biashara ya madini mkoani Kivu Kaskazini kwa kutoufuata. Ushauri wa Paris ukawa amri ya Kongo.

Mfano mwingine uko ng'ambo ya mto. Mchakato wa Kimberley wa kuthibitisha almasi, ulioanza mwaka 2003, ni wa hiari pia. Nchi inaingia kwa kupenda. Lakini asiyekuwemo hawezi kuuza almasi zake kwa waliomo. Mwezi Julai 2004 Kongo-Brazzaville ilifukuzwa kwa sababu ilishindwa kueleza ilikuwa inauza almasi nyingi hivyo kutoka wapi. Ilirudi mwaka 2007. Hiari hiyo ilikuwa na mlango, na mlango ulifungwa.

Historia hiyo ina upande wa uchungu, na haifai kufichwa. Sheria ya Marekani ilipotoka, wanunuzi wengi walikimbia badala ya kuchunguza, na wachimbaji wadogo wa Kivu wakabaki bila soko. Walioandika sheria hawakuwauliza wao. Etiketi zilipokuja kufungwa kwenye mifuko ili kuonyesha mgodi wa asili, walanguzi walijifunza njia zao. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi juu ya madini yanayovushwa mpaka kwa magendo na kuchanganywa na ya upande wa pili. Kwa hiyo Wakongomani wanajua mambo matatu ambayo wataalamu wa akili bandia ndio kwanza wanayagundua: kiwango cha hiari kinapata nguvu pale sheria ya nchi au mlango wa soko unapokishika, kiwango kilichoandikwa bila wenyeji kinaweza kuwaumiza wenyeji, na etiketi bila ukaguzi ni karatasi tu.

Kinachoweza kufanywa

Kongo haina uwezo wa kuzilazimisha kampuni za California. Lakini hiari inakwenda pande mbili. Kama kampuni ina hiari ya kupimwa, mnunuzi naye ana hiari ya kutonunua.

Hatua ya kwanza ni zabuni za serikali. Wizara, hospitali ya umma, tume ya uchaguzi au shirika la Serikali linalotaka kununua mfumo wa akili bandia lidai kwanza ripoti ya majaribio, na ripoti hiyo ionyeshe matokeo kwa Kifaransa na kwa lugha za taifa zinazotumika mahali pa kazi. Asiye na ripoti asilipwe. Msingi wa kisheria wa kuanzia upo, maana nchi ina Code du numérique, sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023, inayogusa pia ulinzi wa data za watu. Sharti la zabuni halihitaji kungoja sheria nyingine kubwa.

Hatua ya pili ni kutengeneza maswali ya mtihani. Watu wanadhani kupima akili bandia kunahitaji majumba ya kompyuta na mabilioni ya dola. Kutengeneza mfumo ndiko kunakohitaji hayo. Kuupima kwa lugha kunahitaji walimu, wauguzi, wanasheria, wanahabari na wanafunzi wanaoijua lugha, daftari la maswali lililopangwa vizuri, na nidhamu ya kuandika majibu. Chuo Kikuu cha Kinshasa, cha Lubumbashi, cha Kisangani na cha Goma vina watu hao. Maswali elfu moja kwa kila lugha ya taifa, juu ya afya, sheria za ardhi, uchaguzi, chuki za kikabila na utapeli wa pesa za simu, ni kazi inayowezekana. Na ingekuwa mali ambayo hakuna maabara ya Ulaya inayoweza kuitengeneza bila Wakongomani.

Hatua ya tatu ni kuketi mezani. DRC iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na ndani ya Jumuiya hiyo iko Kenya yenye kiti katika mtandao wa vipimo. Hakuna sababu Kiswahili kipimwe kwa sauti moja tu. Umoja wa Afrika nao ulipitisha mkakati wake wa akili bandia mwezi Julai 2024, na mkakati bila vipimo vya lugha za Afrika utabaki kabatini.

Wapo watakaosema nchi ina vita, barabara mbovu na walimu wasiolipwa, na kwamba hii ni anasa ya matajiri. Hoja hiyo ina uzito, na pesa ya kuanzisha ofisi mpya yenye magari na wakurugenzi ingekuwa kweli anasa. Lakini akili bandia haikungoja barabara zitengenezwe. Imefika kwa simu, pamoja na mikopo ya simu, ushauri wa dawa na sauti za uongo. Wanaoumia wakati mfumo unapokosea si wale wenye daktari wa familia na mwanasheria. Ni wale ambao simu ndiyo daktari wao wa kwanza.

Na wapo watakaosema kwamba madai ya Kongo ni madogo mno kusikika na kampuni kubwa. Walisema hivyo juu ya koltani pia. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia inatoka kwenye udongo wa nchi hii, na mashine zinazoendesha akili bandia zinatumia pia madini ya Afrika ya Kati. Serikali inapojadiliana na Marekani, Ulaya au Uchina juu ya madini, kipengele kimoja kinachodai kwamba mifumo itakayouzwa Kongo ipimwe kwa lugha za Kongo, na matokeo yatangazwe, si ombi la ajabu. Ni kidogo sana kwa nchi inayotoa kiasi hicho.

Vipimo vya hiari vitaendelea kuwepo, na vitaendelea kupima kile ambacho waliopo mezani wanakiogopa. Waliopo wanaogopa wadukuzi na silaha, nao wana haki. Hofu ya mama wa Bukavu juu ya dawa ya mtoto wake itaingia kwenye orodha siku kutakuwa na mtu wa kuitaja. Wahenga walikwisha sema: asiyekuwepo na lake halipo.